Kaka Pisto na Seli Zilizosusa Kula

Kaka Pisto hajui kukataa. Ndiyo kasoro yake, na ukimwuliza yeyote pale kwenye taasisi yetu ya utafiti, kuanzia walinzi wa getini hadi mkuu wetu wa maabara, Daktari Hechanova mwenyewe, atakuambia hivyohivyo. Mwombe akupeleke mtaa wa Jaro wakati ameshavua viatu ajinyooshe, atavivaa tena. Mwombe asimamie ubatizo wa mwanao, atasimama. Ana watoto wa ubatizo kumi na mmoja, yeye ambaye hakujaliwa hata mmoja wa kumzaa, na Krismasi ikifika wanajaa barazani kwake utadhani kunagawiwa chakula cha msaada wa mafuriko. Mimi humwambia, "Kaka, iko siku utasimamia ubatizo wa mbuzi." Anacheka tu, meno yote nje.

Jina lake kamili ni Teopisto Alcarde. Alizaliwa Dumangas, ujana wake wote akauacha kisiwani Negros akiendesha malori ya miwa, kisha akavuka bahari kuja Iloilo na kupata kazi ya kuendesha gari la maabara yetu. Mkewe, Consorcia, alifariki mapema na hakutaka kuoa tena. Mimi ni Salvacion, fundi wa maabara. Watu husema sisi wa Iloilo tunagombana kwa sauti tamu mpaka mgeni adhani tunachumbiana. Mimi sauti hiyo sina. Marehemu mama alikuwa akisema niliisahau tumboni mwake.

Katika wale kumi na mmoja, aliyemkaa rohoni zaidi ni Marivel. Baba yake alikuwa utingo wa Kaka Pisto kwenye lori, na alipokufa, Kaka Pisto ndiye aliyemshika binti mkono kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu. Sasa binti yuko kwetu anasomea shahada ya uzamivu chini ya Daktari Hechanova. Na anachosomea ni kifo. Si kifo cha watu, cha seli.

Nakumbuka siku alipomweleza baba yake wa ubatizo kazi hiyo. Tulikuwa tunakula mchana, sisi watatu, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya ghala ambako tunaruhusiwa kuingia na chakula.

"Kwa hiyo humu ndani mna msiba kila siku?" Kaka Pisto aliuliza, akijigonga kifuani.

"Kila sekunde, Baba. Zinakufa kwa mamilioni."

"Na zinazikwa wapi?"

"Hazizikwi. Zinaliwa."

Kaka Pisto akaweka kijiko chini. "Nakula, mwanangu."

"Na zenyewe zinakula!" Marivel akacheka, akavuta kiti karibu. "Sikia. Seli nzima ina mafuta fulani inayoyaficha upande wa ndani wa utando wake. Ikianza kufa, inayageuza nje. Hiyo ndiyo ishara yake: njooni mnile. Sasa hawa walaji wangu, seli ninazozitoa kwa panya, hawawezi kuyashika mafuta yale wenyewe. Kwenye damu kuna protini inaelea, ina mikono miwili. Mkono mmoja unashika mafuta ya yule anayekufa, mwingine unashika kipokezi cha mlaji. Kipokezi kikishashikwa, kinapeleka habari ndani kwamba chakula kimefika. Hapo utando wa mlaji unanyanyuka, unamzunguka mwenzake, unamfunika. Kwisha habari."

"Na asipoliwa?"

"Anapasuka. Anamwaga uchafu wake, mwili unavimba na kuwaka bure, na ukizoea hivyo unaanza kujipiga wenyewe. Kuna watu wanaumwa maisha yao yote kwa sababu hiyo."

Kaka Pisto alitafakari, akakiokota kijiko chake. "Kumbe anayekula ndiye anayesitiri," akasema, akaendelea na wali wake.

Basi ile protini yenye mikono miwili inapatikana kwenye seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda. Kwa kawaida sisi huagiza seramu kutoka nje. Lakini mwaka ule mzigo ulikwama njiani, ukapata joto, ukafika umeharibika kabisa. Marivel akasema hawezi kukaa na kusubiri mwingine, atatafuta mtu wa kujitolea damu kidogo kila baada ya muda. Hebu kisia alijitokeza nani. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati kabla binti hajamaliza sentensi.

Mimi ndiye niliyekuwa namtoa damu. Kanuni inataka nimwulize mtoaji maswali, na mimi nauliza, sina mchezo na kanuni. "Unatumia dawa yoyote, Kaka?"

"Kahawa."

"Nakuuliza la maana."

"Hakuna, Salva. Choma basi, gari limezibwa na lori la maji."

Miezi ile ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri mno. Marivel alizipaka seli zinazokufa rangi ambayo haiwaki mpaka iingie tumboni mwa mlaji, ndipo inageuka nyekundu. Ukitazama kwenye darubini unawaona walaji wameshiba, wamejaa madoa mekundu hadi pembeni. Daktari Hechanova alichukua picha moja akaibandika kwenye mlango wa ofisi yake, yeye ambaye hata kalenda habandiki. Nilifurahi kana kwamba nimezaa mimi.

Kabla ya tasnifu kwenda kwa watahini, Daktari akataka jaribio lile lirudiwe mbele ya macho yake. Ndiyo desturi yake na hakuna aliyeona ubaya. Marivel akaandaa kila kitu, akaweka sahani chini ya darubini, akamwita. Seli zilisusa. Walaji wazima, wamejishika vizuri kwenye sahani, na wafu wamelala pembeni yao, mafuta yao yako nje, rangi nyingine ilituonyesha hivyo waziwazi. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ilikuwa kama shughuli ambayo wenyeji wamegombana, pilau linapoa na kila mtu anatazama ukuta.

"Rudia," Daktari akasema.

Akarudia, zikasusa. Akabadilisha panya, akabadilisha rangi, akabadilisha sahani, akatengeneza upya maji yenye madini ya chokaa ambamo seli hukaa, akahamisha hadi kabati la joto. Zikasusa vilevile. Binti akaanza kukonda, uso umebaki macho.

Alibadilisha kila kitu isipokuwa damu. Na mimi, mdomo wangu wote huu, sikumwambia abadilishe. Nani angeishuku? Kwetu, anachokupa baba yako wa ubatizo unakipokea kwa mikono miwili na kukibusu, hukigeuzigeuzi kukitafutia kasoro. Kumwambia Kaka Pisto kwamba leo tunataka damu ya mtu mwingine ilikuwa sawa na kumwambia hatukutaki. Kwa hiyo tukawa tunatafuta kosa kwa panya.

Jumatatu moja Daktari alimwita Marivel ofisini. Mlango haukufungwa vizuri na mimi nilikuwa napita. Sawa, nilikuwa nimesimama. Daktari ana ile sauti ya Iloilo, sauti ya asali, na anapokasirika inazidi utamu.

"Mwanangu," alisema, "ama zile picha za mwanzo ni za kweli, ama si za kweli. Mimi sijui. Lakini siwezi kusaini kazi ambayo siwezi kuiona ikirudiwa. Ijumaa nitaiandikia kamati ya maadili."

Marivel alitoka hana rangi. Akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Wanadhani zile picha nimezipika, dada."

"Umezipika wewe?" nikafoka. "Wewe ambaye hata wali unauunguza?"

Hakucheka. Kamati ikishapokea barua kama ile, hata ukionekana huna hatia, jina lako limekwisha. Katika kazi hizi hatuna mtaji mwingine. Miaka yote ya Kaka Pisto ya kumsomesha, miaka yote ya binti mwenyewe ya kulala na darubini, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye Ijumaa ile. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Kesho yake nilipika laswa nyumbani nikaja nayo, mchuzi wetu wa mboga: boga, bamia, biringanya, kamba wadogo, na mlonge mwingi, maana mlonge ndio laswa. Nilitaka binti ale kitu. Hakula. Alikuwa akikoroga bakuli tu. Kaka Pisto alikuwa anakula, lakini nikaona anafanya jambo la ajabu: anachambua majani ya mlonge moja moja, anayapanga kwenye kifuniko.

"Kaka, kulikoni?"

"Kuna nini?"

"Hayo majani. Nimeyachuma kwa mikono yangu, unayapanga kama karata?"

"Siku hizi yananijaza gesi."

"Mlonge? Wewe umenyonya maziwa ya mlonge! Consorcia alikuwa akikuwekea mlonge hadi kwenye mayai, Mungu amrehemu. Tangu lini mlonge ukakujaza gesi?"

"Salva, niache nile."

Na mimi bado nina hasira zangu za jana, nikaendelea kumwaga maneno: kwamba anazeeka vibaya, kwamba anachagua chakula, kwamba hata damu yake siku hizi imekuwa mvivu kama yeye, nakaa na mrija mezani nasubiri igande wee, haigandi, nimemlaumu hadi fundi wa kiyoyozi, na nikimtoa sindano namwekea pamba mara mbili ndipo ikome...

Marivel alikuwa ameinua kichwa.

"Baba," akasema polepole, "daktari amekukataza majani?"

"Daktari gani?" nikadakia.

Kaka Pisto alitazama kifuniko chake. Masikio yakamwiva. Mwanamume mzima, amevusha malori ya miwa kwenye madaraja mabovu, hakuwa na pa kuweka macho.

"Hakukataza," akasema. "Alisema nisile mengi ghafla."

"Anakupa dawa gani?"

"Kidonge kidogo tu."

"Cha nini, Baba?"

"Cha damu isigande. Moyo ulikuwa unamisi." Alisema kidereva hivyohivyo, unamisi. "Unakwenda, unakwenda, unaruka. Daktari akasema bonge la damu linaweza kupanda kichwani. Basi nameza."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa Kwaresima."

Kiti cha Marivel kilianguka nyuma yake. Alisimama, mikono kichwani. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mpaka nikaogopa. "Vitamini K!" alikuwa akisema. "Yesu na Maria, ni vitamini K! Zile picha ni za Januari! Kwaresima ilikuwa bado!"

"Ongea kama mtu," nikamwambia.

Akamshika baba yake mabega. "Baba, hiyo dawa inafunga vitamini K isifanye kazi. Ndiyo maana unaonywa kuhusu mlonge, umejaa vitamini hiyo, unapigana na dawa. Sasa ile protini yangu, ile ya mikono miwili, unakumbuka? Ini linapoitengeneza linahitaji vitamini K ili kuuwekea mkono mmoja vidole. Bila vidole, haishiki yale mafuta. Protini ipo, kipokezi kipo, marehemu yupo, lakini hakuna anayewaunganisha. Mlaji hapati habari. Anakaa tu!"

Kaka Pisto alikuwa amekunja uso, anafuatilia. "Kwa hiyo ni damu yangu."

"Ni damu yako!"

"Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hujaniharibia, Baba, umeniokoa! Sikuwa mwongo. Sikukosea. Seli hazikuwa na kosa!"

"Basi itie hiyo vitamini kwenye chupa tumalize."

"Haiwezekani. Vidole vinawekwa ndani, ini likiwa bado linatengeneza. Ikishatoka imetoka." Kisha uso wake ukabadilika, akakaa chini tena, sakafuni maana kiti kilikuwa bado kimeanguka. "Na sisi tumekuwa tunakuchoma sindano. Mtu mwenye dawa hiyo. Ungeweza kuvuja."

Mimi hapo ndipo nilipopata sauti yangu. Nilimwambia Kaka Pisto yote aliyostahili na mengine ya akiba. "Nimekuuliza kila mara! Kila mara! Kahawa, unaniambia! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wewe kaka yangu umeumbuliwa na panya!"

"Ningesemaje, Salva?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dereva mwenye moyo mbovu wanamnyang'anya funguo. Na mtoto alikuwa anahitaji damu. Nimkatalie mtoto?"

Nilimwokotea binti kiti, nikawapa wote wawili maji, nikanywa na mimi.

Mchana uleule nikakunja mkono wangu mwenyewe, Marivel akanitoa damu. Mimi ni bahili, kila mtu anajua, situpi kitu. Ndani ya friza, nyuma kabisa, kulikuwa na kichupa cha seramu ya Kaka Pisto ya mwezi Januari, nilichokihifadhi kwa sababu kilibaki kidogo na roho yangu haikuniruhusu kukimwaga. Alhamisi tukajaza visima vitatu, vile vishimo vidogo vya sahani, kwenye sahani moja: walaji walewale, wafu walewale. Kimoja damu yangu, kimoja Kaka Pisto wa Januari, kimoja Kaka Pisto wa sasa. Tukamwita Daktari Hechanova.

Alikaa kwenye darubini muda mrefu. Alikwenda kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, akarudi cha pili. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa nyuma. Nilikuwa nimeshaona kabla yake: changu chekundu, cha Januari chekundu tele, cha sasa giza.

Hatimaye akavua miwani. "Marivel," akasema, "nilikushuku. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Binti akainamisha kichwa, akasema haina neno, Daktari. Nikamsikia akishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwezi uliopita. Mimi nikashusha yangu. Chumba chote kikawa kama dirisha limefunguliwa.

"Mzee Teopisto yuko wapi?" Daktari akauliza.

Alikuwa nje, amesimama kando ya gari, funguo mkononi, amezinyoosha tayari kuzikabidhi. Daktari hakuzipokea.

"Kesho asubuhi unanipeleka hospitali, Mzee."

"Unaumwa, Daktari?"

"Mimi siumwi. Nataka nimsikie daktari wako kwa masikio yangu kama unaruhusiwa kuendesha. Akisema ndiyo, endesha. Akisema hapana, tutakutafutia kazi ya kukaa, lakini hapa hapa. Na ukinificha kitu kingine, nitakutoa damu mwenyewe, yote."

Daktari wa hospitali akasema moyo umetulia, aendeshe, ila asikose kupimwa. Kaka Pisto alirudi akipiga honi getini kama harusi, nikatoka kumtukana, nikajikuta namkumbatia.

Marivel hakukitupa kisima cha giza. Alikiweka kwenye tasnifu, sambamba na cha Januari, sura nzima mpya: mtu mmoja, kabla ya dawa na baada ya dawa. Alimwomba Kaka Pisto ruhusa, na safari hii nilikaa katikati yao kuhakikisha anaelewa anachokubali. Ikaandikwa kwa kanuni zetu, bila jina: mtoaji wa kwanza, mwanamume.

Siku ya utetezi wa tasnifu ukumbi ulijaa. Kaka Pisto alikaa nyuma amevaa barong yake ya harusi, lile shati letu la sherehe, imembana tumboni. Binti alieleza vizuri, sauti haikutetemeka hata kidogo, mpaka mtahini mmoja kutoka Manila, mzee mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni, alipofika kwenye sura ile.

"Huu ndio ushahidi wako mzito kuliko wote," akasema. "Na una mtu mmoja tu. Nitajuaje kwamba seramu hizi mbili ni za mtu huyohuyo? Na nitajuaje kama mtu huyo yupo kweli?"

Nilijua anachosikia Marivel: ile Jumatatu, ule mlango ambao haukufungwa vizuri. Akafungua mdomo, lakini kabla hajasema neno kiti kilikwaruza sakafu kule nyuma.

"Yupo!" Kaka Pisto alikuwa amesimama, anahangaika na kifungo cha mkono wa barong. "Yupo, Bwana! Zote mbili ni zangu, ya Januari na hii ya kidonge. Huyu mtoto hasemi uongo. Njoo unitoe nyingine sasa hivi, ukapime mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mtahini akabaki na kalamu hewani. Mimi nilikuwa namvuta shati akae, ananipiga mkono, mkono wake mwingine umenyooshwa mbele, mshipa juu.

Daktari Hechanova aliinuka kutoka kiti cha mwenyekiti. Alisubiri hadi kukatulia.

"Keti, Mzee," akasema. "Hakuna atakayekuchoma. Marivel tunamwamini."

Marivel akageukia ubao, akatupa mgongo afute machozi, na tukamsubiri aendelee.